Seti ya kubadili betri ya iPhone 8 mwenyewe nyumbani

Hii seti nimeichukua Kariakoo, inakuja na betri, bisibisi na gundi za betri, na kama simu yako inajizima ikiwa bado ina 30% aisee ichukue tu. Bisibisi ya pembe tano inakamata vizuri zile skrubu mbili za chini, ila kile kiplastiki cha kufungulia kioo ni laini mno. Shusha chaji chini ya 25% kwanza, pasha kioo kwa draya ya nywele, halafu gundi za chini ya betri zivute taratibu sana zisikatike, maana ukianza kuchokonoa betri na chuma ikatoboka inaweza kuwaka moto hapohapo mezani, tafadhali jamani msiharakishe. Saa hizi chaji inanifikisha usiku. Gundi ya kuzuia maji haimo, nunua pembeni.