Shabu imenitolea biti ya drili iliyokatikia kwenye aluminiamu (uzoefu wangu)

Kama biti ya drili imekukatikia ndani ya kitu cha aluminiamu na kila unayemuuliza anakwambia tupa nunua kingine, usitupe kwanza. Mi ilikuwa kava ya injini, biti ya milimita 4 ikakatika pale inapokaribia kutokea upande wa pili, kipande kikabaki ndani kabisa ya tundu, hakuna hata pa kushika na plaizi. Kilichokitoa ni shabu, ndio, shabu hii hii ya kusafishia maji.

Kabla ya hapo nilijaribu ile seti ya kutolea bolti zilizokatika, zile zenye meno yanayozungukia kushoto. Kwa bolti ni seti nzuri, kwa biti siishauri kabisa. Inataka utoboe kwanza katikati ya kitu kilichokwama ndo uiingize, sasa utatoboa na nini wakati biti iliyokwama na biti uliyoshika mkononi ugumu wake ni uleule, inateleza tu inaenda kula aluminiamu laini ya pembeni na tundu linaharibika. Halafu ikikatikia humo nayo, hiyo ni ngumu zaidi kuitoa. Kugonga na panchi nako, biti ni ngumu lakini inavunjika kirahisi, vipande vinaruka, kwa hiyo ukigonga vaa miwani bila kujadili.

Sasa shabu. Ukiiyeyusha kwenye maji inatoa asidi kidogo, na ile asidi inakula chuma cha biti ila aluminiamu inaiacha karibu kama ilivyo. Wanaotengeneza saa wanaitumia toka zamani kuyeyushia skrubu za chuma zilizokatikia kwenye shaba. Nilinunua ya unga sababu inayeyuka haraka kuliko ya mawe, nikachemsha maji nikawa naongeza mpaka ikawa haiyeyuki tena, nikaitumbukiza kava kwenye bakuli la kioo linalostahimili moto. Usitumie chombo cha chuma, kitaliwa nacho. Na kabla hujatumbukiza pitisha sumaku sehemu zote, pini, bea, springi, chochote cha chuma kilichobaki kwenye kava kitoe, maana shabu haichagui hiki cha kutoa na hiki cha kuacha.

Moto ndo kila kitu hapa. Maji yakiwa ya moto sana bila kuchemka kwa fujo unaona vipovu vidogo vidogo vinapanda kutoka kwenye tundu mfululizo, hapo ujue kazi inafanyika, yakipoa vipovu vinakuwa vya kuhesabu. Geuza kitu chako tundu liangalie juu, lisipoangalia juu vipovu vinaganda humo ndani na ile dawa haikifikii chuma tena. Mara kwa mara nilikuwa nakitoa nakwangua na kiwaya cha shaba ule uchafu mweusi unaobaki juu ya biti, kwa sababu biti za haispidi (chuma kigumu kinachotengenezea biti nyingi za kawaida) zina madini mengine ndani kama tungsteni ambayo hayaliwi kirahisi, yanabaki kama tope yanaziba. Ukikwangua vipovu vinarudi kwa nguvu. Maji yakichafuka sana mwaga weka mapya.

Ni kazi ya masaa mengi, inaweza kuvuka siku, usitegemee ya nusu saa. Lakini haikuhitaji kuyeyuka yote, ilipoliwa pembeni ikalegea, nikaigusa kidogo na kiwaya ikadondoka yenyewe nyembamba kama sindano, na tundu halina hata mkwaruzo! Nilifurahi sana, kava ile si rahisi kuipata. Nikasuuza kwa maji mengi, nikakausha, nikapaka oili.

Lalamiko langu ni kwamba uso wa aluminiamu uliokuwa unang'aa umefifia, kwa kitu cha urembo ningefikiria mara mbili. Pia vile vipovu ni gesi ya haidrojeni, inashika moto, fanyia sehemu yenye hewa, tumia jiko la umeme na usifunike bakuli.

Na kama kitu chako chenyewe ni chuma, shabu isahau, itakula vyote. Hapo ni biti ya kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko haispidi, ila inataka drili ya kusimama na kitu kibanwe vaisi kisitikisike, kwa drili ya mkono kabaidi inakatika papo hapo. Au upeleke karakana yenye mashine inayokula chuma kwa cheche za umeme, ile haijali ugumu kabisa na haigusi kuta za tundu.

Kwa aluminiamu naipa shabu nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimeikata kwa ule mng'ao uliopotea.