Uchambuzi wa Epson L8050: hesabu iliyonishinda mbele ya mume wangu

Watazamaji wapenzi, hamjambo. Mashine mnayoiona hapa mezani, kando ya kikombe changu cha chai, ni Epson L8050, printa ya picha ya ukubwa wa A4 inayotumia wino wa rangi sita, na niliinunua hapa Nairobi kwa shilingi 52,000 baada ya mazungumzo ya miezi miwili na mume wangu. Leo nitaanza na mazungumzo hayo kabla ya kuifikia mashine yenyewe, kwa sababu mtu anayetaka kununua kifaa cha bei hii akiwa na mwenzi hukwama nyumbani kabla hajafika dukani, na pia kwa sababu maswali niliyoulizwa na mume wangu yaliichambua printa hii vizuri kuliko ambavyo ningeichambua peke yangu.

Mume wangu huandika hesabu za nyumba katika kaunta buku yenye jalada jeusi. Kodi, karo, tokeni za stima, mchango wa chama cha kuweka akiba, hata mia mbili ya kinyozi ina mstari wake. Nilipomtajia printa hakukataa. Aliinua tu macho akatazama juu ya kabati la nguo, ambako printa yetu ya kwanza imelala kwa miaka kadhaa chini ya kitambaa cha kufuma. Ile tuliinunua kwa bei ya chini sana, tukafurahi, kisha tukagundua kwamba katriji zake mbili ziligharimu karibu nusu ya bei ya mashine nzima, na kwamba ziliisha kabla hatujamaliza albamu moja. Baada ya kutazama kabatini akaniambia kwa upole, "Mama, hata hiyo uliniambia itatusaidia." Sikuwa na jibu.

Kosa langu lilikuwa kumjibu kwa hesabu. Nilimweleza kwamba printa za matangi, kama hii, haziuzwi kwa mtindo wa ile ya kabatini: mashine ni ghali, lakini wino huja katika vyupa unavyomimina mwenyewe ndani ya matangi, na chupa moja hudumu muda mrefu. Hayo ni ya kweli. Kisha nikaongeza kwamba printa itajilipia yenyewe, na hapo ndipo nilipoteleza. Alichukua kalamu. Studio tuliyoizoea ilitutoza shilingi 40 kwa picha ya sentimita 10 kwa 15. Nilikuwa nimekadiria kwamba nyumbani karatasi nzuri ingegharimu shilingi 12 na wino shilingi 6, kwa hiyo tungeokoa shilingi 22 kwa kila picha. Akagawanya 52,000 kwa 22, akapata picha 2,364. Akafungua ujumbe wa M-Pesa katika simu yake, akahesabu malipo yote tuliyoilipa studio mwaka uliotangulia, akapata picha 120. Akapiga mstari chini ya hesabu, akasoma kwa sauti ya karani wa mahakama: "Miaka kumi na tisa na miezi minane. Wakati huo mtoto wetu wa mwisho atakuwa na watoto wake."

Kwa hiyo, ndugu mtazamaji, kama mwenzi wako anajua kugawanya, usijaribu kumwambia kwamba utaokoa pesa. Hoja hiyo inamfaa mtu anayechapa kwa biashara, yaani mpiga picha wa harusi, mwenye kibanda cha picha za pasipoti, au mwenye kutengeneza vitambulisho, kwa kuwa L8050 huchapa pia moja kwa moja juu ya kadi za plastiki na diski. Familia inayochapa picha kumi kwa mwezi hainunui akiba. Inanunua kitu kingine, na ni lazima ujue kitu hicho ni nini kabla hujafungua mdomo.

Mimi nilikijua siku nilipoacha kuongea. Nilitia katika flashi picha moja tuliyopigwa alasiri katika msitu wa Karura, yeye akiwa na shati jeupe na jua likimpiga upande mmoja wa uso, nikaenda katika duka moja katikati ya jiji nikaomba wanichapie picha hiyo kwa L8050 waliyokuwa wameiweka kwa maonyesho. Kisha nikaipeleka faili ile ile studio. Jumamosi asubuhi niliziweka picha zote mbili juu ya meza, karibu na dirisha, kwa sababu mwanga wa balbu hudanganya rangi, nikaenda kupika chai bila kusema neno.

Niliporudi alikuwa amezishika zote mbili. Katika picha ya studio shati lilikuwa jeupe pe, lakini ngozi yake ilikuwa imepauka na kuelekea rangi ya kijivu, na ule mng'ao wa jua kwenye paji la uso ulikuwa umekuwa doa lisilo na umbo. Katika ile nyingine, hudhurungi ya shavu lake iliteremka polepole hadi kwenye kivuli cha taya, bila mpaka unaoonekana. Akasema, "Hapa nimepakwa majivu. Hapa ni mimi."

Acha nieleze sababu, kwa maana hapa ndipo pesa za mashine hii zilipo. Printa ya kawaida ina rangi nne: nyeusi, njano, sayani (buluu ya kijani) na majenta (nyekundu ya zambarau). Inapotaka kuchora sehemu hafifu, kama vile mng'ao juu ya pua, haina wino hafifu wa kutumia, hivyo hutawanya matone ya wino mzito kwa kuyaachanisha, na ukisogeza picha karibu na jicho unaona punje punje kama vumbi. L8050 huongeza rangi mbili, sayani hafifu na majenta hafifu, na hizo hujaza nafasi ile kati ya giza na mwanga. Kwa ngozi zetu nyeusi jambo hili si dogo, maana uso mweusi una viwango vingi vya kivuli na mng'ao, na hivyo ndivyo humfanya mtu atambulike kuwa yeye.

Nina jambo la kuungama. Kupauka kwa picha ya studio hakukutokana na wino peke yake. Mashine nyingi za studio hurekebisha picha zenyewe: zikikuta uso mweusi hudhani kwamba picha nzima ina giza, zikaing'arisha. Unaweza kumwomba mhudumu aizime kazi hiyo, na ukapata picha nzuri zaidi kwa shilingi zile zile 40. Mume wangu nilimweleza hayo pia, ila nilimweleza baada ya kukabidhiwa risiti.

Baada ya picha ile hoja ya bei haikurudi tena. Iliyobaki ni hofu yake ya kweli, ambayo nilichelewa kuielewa: hakuogopa kutoa shilingi 52,000, aliogopa kuziona juu ya kabati. Aliandika masharti katika kaunta buku, na nakiri kwamba yaliandikwa vizuri. Pesa zitoke katika akiba yangu ya chama, wala zisiguse karo. Kila wiki ichapwe angalau picha moja, na tarehe yake iandikwe. Zikipita wiki nane mfululizo bila picha, printa itauzwa, na mimi ndimi nitakayemtafuta mnunuzi.

Alichokuwa hajui ni kwamba sharti la kila wiki ndilo hasa mashine inalolitaka. Kichwa cha kuchapia cha printa hii kina matundu madogo mno ambayo jicho haliyaoni, na wino ukikaa ndani yake bila kutembea hukauka na kuyaziba. Ukiiacha kwa miezi miwili, hasa Januari na Februari wakati hewa ya Nairobi ni kavu, picha ya kwanza utakayochapa itatoka na mistari myeupe kama nywele iliyochanwa vibaya. Kuna kazi ya kusafisha kichwa, nayo mara nyingi husaidia, lakini kila usafishaji hunyonya wino na kuumwaga katika sehemu ya taka, na wino huo umeulipia. Basi picha moja kwa wiki, yenye rangi nyingi, ndiyo dawa. Sikumwambia mara moja kwamba tunakubaliana. Nilikunja uso kidogo, kama mtu aliyebanwa.

Kama unajua moyoni kwamba hutachapa kila wiki, usinunue mashine hii. Tazama Canon SELPHY CP1500. Hiyo haina wino wa maji kabisa. Hutumia utepe wenye rangi, huupasha joto, na karatasi hupita ndani mara nne, yaani njano, majenta, sayani, na mwisho tabaka la kuikinga picha. Inaweza kukaa kabatini nusu mwaka, uitoe, na ichape kama jana. Karatasi na utepe huuzwa pamoja, kwa mfano pakiti ya picha 108, hivyo gharama ya kila picha unaijua kabla ya kuanza. Kasoro yake ni kwamba haipiti ukubwa wa kadi ya posta. Picha ya ukutani huipati. Kwa nyumba nyingi hiyo ndiyo printa sahihi, na mimi ningeinunua kama nisingetaka picha za A4.

Sasa nirudi kwenye stima, kwa sababu jambo hili sikulisikia likitajwa na mtu yeyote dukani. Mume wangu huzima swichi zote za ukutani kabla ya kulala ili tokeni zisiliwe usiku. Ni tabia njema kwa televisheni. Kwa printa ya wino si njema hata kidogo ikiwa mashine bado imewashwa, kwa sababu ukiizima kwa kitufe chake, kichwa hurudi pembeni na kufunikwa kifuniko kinachozuia wino usikauke, lakini ukikata umeme ghafla kinaweza kubaki wazi pale kilipokuwa. Nimebandika karatasi juu ya soketi: "Kitufe kwanza." Stima ikipotea katikati ya kazi, iwashe tena mara tu inaporudi, uiache itulie, kisha uizime ipasavyo.

Mapungufu yapo, nami nitayataja kwa haraka. Haina skana, kwa hiyo picha za zamani itakubidi uzipige kwa simu au uzipeleke kwingine. Haina skrini, hivyo utategemea simu au kompyuta kwa kila kitu, ingawa kuiunganisha kwa Wi-Fi si kazi ngumu. Wino wake ni wa rangi iliyoyeyushwa, ambao hung'aa sana juu ya karatasi ya kumeta, lakini hupauka mapema kuliko wino wa chembe, yaani ule ambao rangi yake haikuyeyushwa, ukiwekwa juani. Usitundike picha mkabala na dirisha la mashariki, na usiifungie chini ya kioo kabla haijakauka kwa siku nzima. Hakikisha pia kwamba aina ya karatasi unayoichagua katika programu ndiyo iliyo ndani ya trei, maana picha nyingi zinazolaumiwa kuwa mbaya zimechapwa kwenye karatasi ya kumeta huku programu ikiambiwa ni karatasi ya kawaida. Na kama picha zako zote zinatoka zenye giza, punguza kwanza mwanga wa skrini yako. Mara nyingi printa haina hatia.

Kuhusu wino wa bei nafuu unaouzwa kwa chupa mitaani, msimamo wangu ni mfupi: usiutie, angalau kwa muda ambao waranti bado ipo. Rangi za ngozi ndizo zilizonifanya ninunue mashine hii, nazo ndizo za kwanza kupotea.

Kuna matumizi ambayo hayakuwamo katika hesabu ya miaka 19. Watazamaji wenye watoto katika mtaala wa umilisi wanajua ule ujumbe wa saa mbili usiku katika kundi la wazazi, unaosema kwamba kesho mtoto aje na picha za wanyama wa kufugwa, au za vyombo vya usafiri, zikiwa na rangi. Zamani nilivaa sweta nikakimbilia saiba, duka la intaneti na uchapaji, kabla haijafungwa. Wiki iliyopita nilimwona mume wangu mwenyewe, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, akichagua ng'ombe. Alitaka Friesian mwenye kivuli kizuri.

Leo ni wiki ya 14, na kaunta buku ina tarehe 13 zisizo na ubishi. Wiki ya tisa nilikuwa na homa, nikachapa tu karatasi ya kukagua matundu, ile yenye mistari midogo ya rangi sita. Nimeiandika kuwa picha. Yeye ameizungushia duara kwa kalamu nyekundu na kuweka alama ya kuuliza.