MGB GT katika majira ya baridi ya Uskoti: linafaa, kwa masharti

Wenye magari ya zamani ya Kiingereza huyafungia gereji mwezi Novemba, na ukiwaambia kwamba unakusudia kupanda na MGB GT, gari dogo la michezo lenye paa gumu, mwezi Januari hadi Braemar, kijiji ambacho kimewahi kurekodi nyuzi 27.2 chini ya sifuri, watakutazama kama mtu anayejitosa baharini na kanzu. Gari lenyewe si dhaifu kiasi hicho. Injini yake ya lita 1.8 haina makuu, na kabureta zake mbili za aina ya SU zikirekebishwa vizuri, injini huwaka kwa kuvuta choki, mradi oili iwe nyepesi kuliko ile ya 20W-50 iliyozoeleka. Matoleo ya awali yana betri 2 za volti 6 zilizofichwa nyuma ya viti, mahali ambapo kuzifikia kwa vidole vilivyokufa ganzi ni adhabu; wengi huweka moja ya volti 12, nami nawaunga mkono.

Kwenye barabara ya A93, inayopita mlimani Cairnwell kwenye mwinuko wa mita 670, kumbuka kwamba magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na kwenye barafu mkia hupenda kutangulia kichwa. Matairi ya theluji hayalazimishwi na sheria ya Uingereza, lakini bila hayo nisingeliwasha.

Hita inachosha. Miaka ya mwanzo iliuzwa kama kifaa cha ziada, jambo linaloonyesha jinsi kiwanda cha Abingdon kilivyoichukulia baridi. Thamostati ya nyuzi 88 na kadibodi ya kuziba sehemu ya redieta husaidia.

Hayo yote huvumilika. Kinachoua gari hili ni chumvi inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu. MGB halina chasisi ya peke yake: bodi ndiyo inayobeba uzito, na mihimili yenye uwazi ndani, iliyo chini ya milango, ndiyo inayounganisha mbele na nyuma. Maji ya chumvi yakiingia humo hukila chuma kutoka ndani, huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Ubaya ni kwamba magari yaliyozidi miaka 40 yamesamehewa ukaguzi wa kila mwaka, hivyo hakuna anayemlazimisha mwenye gari kuchungulia. Kagua kwa hiari yako, pulizia nta ya kuzuia kutu ndani ya mihimili kabla ya Novemba, osha sehemu ya chini kila theluji inapoyeyuka, na ringi za spoki, ambazo hukusanya chumvi katika kila kiungo, zibadilishe kwa zile za chuma za kawaida.

Anayehitaji gari moja tu la kumfikisha kazini kila siku, simshauri. Mwenye jingine la akiba anunue GT la kuanzia mwishoni mwa 1974, lenye bampa nyeusi za mpira na lililoinuliwa kidogo kutoka ardhini: wapenzi wa MGB hulidharau, bei yake huwa nafuu, na kutu ikilipata haiumizi sana.