Kliniki ya selimundu inayopima damu kabla ya dawa

Mwanangu ana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa ugonjwa huu huharibu bandama, kiungo kinachosaidia mwili kupambana na bakteria, tangu utotoni, homa yoyote kwake ni dharura. Kliniki ya hospitali ya rufaa anakotibiwa inastahili sifa kubwa, kwani kabla ya sindano ya kwanza ya seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, wauguzi huchukua damu ya kuotesha bakteria, na majibu yanayoonyesha bakteria hao ni sugu kwa dawa zipi yakirudi, daktari hubadilisha au kusitisha dawa huku akitueleza sababu kwa upole. Penisilini ya kinga, ambayo mtoto hunywa mara mbili kwa siku hadi atimize miaka 5, haijawahi kukosekana. Kasoro ni moja, nayo ni nzito: maabara haioteshi sampuli mwisho wa wiki, hivyo mtoto anayeugua Jumamosi hutibiwa kwa kukisia.