Kununua kadi za kusoma LVDT zaidi ya moja Dar: ipi ianze, ipi iachwe

LVDT ni sensa ya kupima msogeo: koili ya msingi inaendeshwa kwa wimbi, na koili mbili za pili zinatoa volti kulingana na kiini cha chuma kilipo. Ikiwa moja, karibu kadi yoyote itaisoma. Shida huanza zikifika mbili au zaidi, tuseme kwenye valvu za gesi za turbini au roli za kinu cha saruji. Hapo usihangaike kwanza na idadi ya biti. Ulizia saa: je, koili zote zinaendeshwa na wimbi moja, na chaneli zote zinasomwa papo kwa papo?

Kabla ya kuomba proforma, soma kibati cha sensa. Andika idadi ya nyaya, masafa, volti na unyeti wake kwa mV/V/mm. Nyingi za viwandani huendeshwa kwa takriban 3 V rms, masafa kati ya 1 na 10 kHz. Piga pia hesabu ya mzigo: koili ya msingi yenye ukinzani wa jumla wa omu 300 kwenye masafa hayo inakula mA 10, kwa hiyo sensa nane zinahitaji osileta (saketi inayotoa wimbi) ya kutoa mA 80 bila wimbi kukatika kichwa. Kadi za bei ndogo huanguka hapa.

Nafasi ya kwanza: kadi ya chaneli 4 au 8, osileta moja, kila chaneli na kishika-sampuli chake, yaani saketi inayoganda kipimo ili zote zisomwe kwa wakati mmoja. Muuzaji akikuandikia "200,000 kwa sekunde", muulize ni za kila chaneli au za kugawana. Zikiwa za kugawana kwa chaneli nane, kila moja inasubiri mikrosekunde 5, na ya nane inasomwa mikrosekunde 35 nyuma ya ya kwanza. Wimbi la 2.5 kHz linamaliza mzunguko kwa mikrosekunde 400, hivyo fezi (hatua ya wimbi ndani ya mzunguko wake) imeteleza nyuzi 31.5. Kadi inayopima kwa kufuata fezi ya osileta, bila kusahihisha, itakupa karibu asilimia 15 pungufu. Programu inaweza kusahihisha kosa hilo kwa sababu kuchelewa hakubadiliki, lakini kwa nini ulipie kadi halafu umlipe na mtu wa programu?

Ya pili: vikuza vya kufunga kwenye reli ya DIN ya paneli, kimoja kwa kila sensa, vikitoa 4–20 mA kwenda PLC (kompyuta ya kuendesha mitambo). Kwa valvu za mwendo wa taratibu vinatosha kabisa, na kimoja kikifa unabadilisha hicho tu. Hilo si jambo dogo kama spea inatoka nje na lazima ipite forodha. Sharti ni moja: viwe na terminali za kuunganisha osileta, kimoja kiongoze na vingine vikifuate. Vikiachwa kila kimoja na lake, kimoja kitakuwa 2500 Hz na jirani yake 2503 Hz. Nyaya zikipita bomba moja, mawimbi yanaambukizana na kipimo kinapanda na kushuka mara tatu kwa sekunde. Fundi atafungua mashine nzima akitafuta mtikisiko ambao haupo.

Ya tatu: kujitengenezea. Inafaa kwa karakana yenye mtu wa saketi, basi. Chipu ya AD598 inafaa kwa sensa yenye nyaya tano au sita, kwa sababu inagawanya tofauti ya koili mbili za pili kwa jumla yake. Nyaya zikiwa nne jumla hiyo haipatikani, chukua AD698. Ukitaka kufanya hesabu ndani ya kompyuta, chipu ya AD7606 inashika chaneli nane kwa mpigo mmoja, biti 16. Endesha koili kwa 2.5 kHz, chukua sampuli 16 kwa kila mzunguko, yaani 40 kHz, zote zikitoka kwenye saa ileile ya osileta. Wastani wa mizunguko 50 ni milisekunde 20, sawa na mzunguko mmoja wa umeme wetu wa 50 Hz, kwa hiyo mvumo wa gridi unafutika wenyewe.

Ya nne: LVDT za DC, zenye saketi ndani. Unaleta 24 V, unapata volti tayari. Usizifunge karibu na mvuke au turbini, maana saketi hufa kwa joto ambalo koili tupu ingelivumilia. Tena nyingi zina osileta yake kila moja, na tatizo la hapo juu linarudi.

Iache: daiodi pamoja na kidhibiti kidogo (mikrokontrola) cha bei rahisi. Daiodi inafuta alama ya chanya au hasi, hujui kiini kiko kushoto au kulia, na karibu na katikati volti haifiki 0.6 ya kuifungua.

Kariakoo utapata reli, ugavi wa 24 V (chukua unaokubali 85 hadi 264 V, umeme ukiyumba usizime) na waya wa jozi zilizosokotwa wenye wavu. Jozi ya msingi iwe mbali na jozi za pili, wavu uende ardhini upande mmoja tu, na njia isiambatane na nyaya za VFD (vidhibiti vya kasi ya mota). Kwa viwanda vya pwani, agiza kadi iliyopakwa vanishi. Paneli inayozimwa usiku huloa umande wa chumvi, na terminali zinaota kijani.

Usimalize malipo kabla ya jaribio hili. Funga kiini cha sensa ya kwanza kisisogee, iache isome. Sogeza ya pili mwanzo hadi mwisho, polepole kisha haraka. Rudia ukichomoa ya pili kabisa. Chaneli ya kwanza ikitikisika zaidi ya usahihi ulioandikwa kwenye karatasi ya kadi, rudisha. Hakikisha haki hiyo imo kwenye proforma, na risiti ya EFD inataja namba ya kadi.