Panga Boi, Kiyoyozi au Ndoo ya Barafu: Mwongozo wa Kununua Kifaa cha Kupoza Nyumba Tanga

Kati ya Desemba na Machi, upepo wa kaskazi unapolegea jioni, nyumba za Ngamiani na Makorora zilizoezekwa kwa bati hubaki na joto la mchana mpaka usiku wa manane, na wengi huamkia madukani kununua chochote kinachotoa upepo. Muuzaji huulizwa kipi kinapoza zaidi. Kwa mtu wa Tanga swali hilo halitoshi, kwa kuwa hewa yetu ina joto na imejaa unyevu pia, na jasho lisilokauka ndilo linalomkosesha mtu usingizi hata pale kipimajoto kinapoonyesha nyuzi 27. Kwa hiyo nimevipanga vifaa kwa kuangalia kila kimoja kinaufanyia nini unyevu, kinakula uniti ngapi za umeme, na kinastahimili vipi chumvi ya bahari.

Nafasi ya kwanza naipa panga boi, wala si kwa kuuhurumia mfuko wa mnunuzi. Feni haipozi hewa. Chumba kisicho na mtu hakipungui joto kwa kuwashiwa feni, na mota yake huongeza joto kidogo. Kazi yake ni kuisukuma hewa yenye unyevu iliyotulia juu ya ngozi ili jasho lipate kukauka, na kukauka kwa jasho ndiko kunakoupoza mwili. Panga boi la kawaida lenye upana wa milimita 1,400, ambalo dukani huitwa la inchi 56, huvuta wati 75 hivi, maana yake ni kwamba likizunguka saa kumi usiku kucha halitumii hata uniti moja nzima. Yako pia mapya yenye mota isiyo na brashi, yanayovuta chini ya nusu ya hizo. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini anayelala na feni miezi yote kumi na miwili anaweza kuifidia katika LUKU. Unapolichagua, lizungushe kwa mkono ukiwa dukani na usikilize kama beringi zinakwaruza, kisha hakikisha kuwa fundi atalifunga kwenye boriti na si kwenye siling bodi, na kwamba mapanga hayatashuka chini ya mita 2.1 kutoka sakafuni. Baada ya miaka michache likianza kuzunguka polepole, usilitupe, kwa kuwa mara nyingi kilichochoka ni kapasita, kijisanduku cha bei ndogo ambacho fundi umeme hukibadilisha kwa muda mfupi.

Ya pili ni kiyoyozi cha vipande viwili, spliti kama wasemavyo mafundi, chenye teknolojia ya inveta. Hapa inafaa mnunuzi aelewe anachokilipia. Kiyoyozi hakitengenezi baridi, bali huhamisha joto: gesi iliyo ndani ya mabomba hulichukua joto la chumba kwenye kipande cha ndani, kompresa huibana gesi hiyo ikawa ya moto zaidi, na kipande cha nje hulitupa joto hilo uani. Wakati hewa ya chumba inapopita kwenye mabomba ya baridi, mvuke wake hupoa na kugeuka maji, ndiyo yale yanayodondoka nje kupitia mpira. Maji hayo ni unyevu ulioondolewa, na kwa mkazi wa pwani yana thamani sawa na ubaridi wenyewe. Hata mashine ya kwanza ya aina hii, iliyobuniwa na Willis Carrier mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York, ilikusudiwa kudhibiti unyevu uliokuwa ukiifanya karatasi itanuke na rangi zisikae mahali pake.

Ndiyo maana ninawaonya wanaonunua mashine kubwa kuliko chumba. Kwa chumba cha kulala cha mita 3 kwa 4 chenye siling, BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha uwezo wa mashine wa kuondoa joto) zinatosha. Kwa sebule ya mita za mraba 16 hadi 20, chukua BTU 12,000, na uongeze ikiwa ukuta unapigwa na jua la alasiri. Mashine iliyozidi hufikisha ubaridi haraka mno, kompresa ikapumzika kabla haijaondoa unyevu wa kutosha, na mwenye chumba akalala katika ubaridi wa kisimani huku nguo kabatini zikinuka uvundo. Inveta husaidia kwa sababu kompresa yake hupunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka, hivyo huendelea kukausha hewa taratibu kwa umeme mdogo.

Suala la umeme linahitaji hesabu kabla ya kulipa. Mashine ya BTU 9,000 huvuta takriban wati 800 hadi 1,000 kompresa inapofanya kazi kwa nguvu zote. Isipopumzika kwa saa nane, hizo ni uniti sita hadi nane kwa usiku mmoja. Mteja mdogo wa TANESCO aliye katika daraja la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi atalimaliza fungu hilo katika wiki mbili au chini yake, na akizidi, bei ya uniti huruka zaidi ya mara mbili. Anayejua hivyo huweka kiyoyozi kwenye nyuzi 25 au 26 na kuwasha panga boi kwa kasi ndogo, kwa kuwa upepo humfanya aliyelala ahisi baridi zaidi kuliko kipimo kinavyosema.

Kuhusu gesi, tafuta kibandiko kinachosema R-32. Mashine za mtumba zenye R-22 zikwepe hata zikiwa rahisi, kwani gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni na inaondolewa sokoni kwa mujibu wa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, na kuipata kutazidi kuwa kugumu. R-32 inaweza kushika moto kwa kiasi kidogo, kwa hiyo fundi asiichukulie kama zile za zamani. Wakazi wa Raskazone na Sahare, walio karibu na bahari, waulize pia kama mapezi ya kipande cha nje, yaani vile vibati vyembamba vinavyotoa joto, yamepakwa rangi ya kuzuia kutu, na kama mabomba ni ya shaba.

Muuzaji akikusifia kwamba mashine yake hupasha joto vilevile, mjini Tanga usimwongezee hata senti. Habari ni tofauti kwa mwenye nyumba Lushoto, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Juni na Julai blanketi moja halitoshi. Huko mashine inayogeuza mzunguko wa gesi huchota joto nje na kulipuliza ndani, na kwa kila uniti ya umeme inaweza kuleta joto la uniti tatu, jambo ambalo hita ya waya haiwezi. Katika nchi za baridi kama Marekani, nyumba nyingi hupashwa joto na tanuri la gesi ambalo feni yake husukuma hewa ya moto kwenye mifereji ya bati hadi kila chumba. Na huko nako, kama hapa, chujio lililoziba kwa vumbi ndilo linaloichosha mitambo mingi.

Nafasi ya tatu ni ya feni ya kusimama, inayomfaa mpangaji anayehama. Chagua yenye wavu imara na kitako kizito. Spliti isiyo ya inveta ni ya nne, na inastahili kufikiriwa tu kwa chumba kinachotumika saa chache, kama chumba cha wageni. Kiyoyozi cha dirishani kinafuata, kwa kelele zake na kwa tundu linaloingiza mbu fundi asipoliziba vizuri. Kile cha magurudumu chenye bomba moja nakiweka karibu na mwisho, kwani hewa kinayoitupa nje hulazimisha hewa ya moto na mvuke kuingia kupitia chini ya mlango.

Wa mwisho kabisa ni ule mtambo wa tangi la maji unaouzwa pamoja na chupa za barafu, ambao hupoza kwa kuyavukiza maji hewani. Dodoma, penye hewa kavu, unafanya kazi vizuri. Mimi niliununua hapa Chumbageni nikiamini maneno ya muuzaji, na kabla wiki mbili hazijaisha ukungu ulikuwa umeota nyuma ya kabati na mkeka umelowa. Nilikuwa nimelipa pesa ili niongezewe unyevu.

Kwa aliyechagua spliti, siku ya kufungwa ndiyo ya kuwa macho. Kipande cha nje kikae kivulini, upande usioelekea bahari, juu ya vyuma vilivyopakwa rangi ya kuzuia kutu. Fundi awe na pampu ya kunyonya hewa kutoka kwenye mabomba kabla ya kufungulia gesi. Anayeitoa hewa kwa kuipuliza kwa gesi yenyewe anaacha unyevu ndani, na unyevu huo huila kompresa. Mpira wa maji uwe na mteremko, na kifaa cha kulinda mashine dhidi ya umeme unaoyumba kifungwe siku hiyohiyo. Baada ya hapo, chujio lioshwe kila baada ya wiki mbili, kipande cha nje kimwagiwe maji yasiyo na chumvi mara kwa mara kuondoa chumvi, mashine ikiwa imezimwa, na fundi aitwe kila miezi mitatu au minne kusafisha mapezi na njia ya maji, ambayo ikiziba huleta matone juu ya kitanda. Gesi hailiwi na mashine kama petroli inavyoliwa na gari. Kwa hiyo fundi akikwambia imekwisha baada ya miezi sita na anataka kuongeza, muulize inavujia wapi kabla hujamlipa.