Mashine ya alizeti ya Kizota: kipimo nimekipima mwenyewe

Nakaanga maandazi na sambusa Nkuhungu tangu 2017. Jiko langu linawaka saa kumi alfajiri, na dumu la mafuta la lita 20 linanifikisha siku tisa, kumi nikibana. Nimenunua mafuta kila mahali katika mji huu wa Dodoma kabla sijatulia kwenye mashine moja ya kukamua alizeti iliyoko Kizota, barabara ya kwenda Singida. Ina geti la bluu na magunia yamepangwa nje mpaka karibu na mtaro. Ukishuka kwenye daladala, harufu ya mashudu, yaani makapi ya alizeti iliyokamuliwa, itakuonyesha njia. Wanauza mafuta yao, na ukija na alizeti yako wanakukamulia.

Nianze na karai. Wakaangaji wenzangu wanalijua povu. Mafuta yaliyochujwa haraka, yakiwa bado na unyevu, yakipata moto yanaumuka kama maji ya sabuni, yanapanda mpaka ukingoni na kumwagikia mkaa. Mwaka 2021 dumu nililochukua duka moja mjini lilinifanyia hivyo, na kovu liko kwenye kiganja cha kushoto hadi leo. Mafuta ya Kizota yanatulia. Wanayaacha kwenye mapipa siku mbili tatu, uchafu unatuama chini, ndipo wanachuja. Nimesimama pale nikaona. Rangi ni ya njano iliyoiva, na andazi likitoka halinyonyi mafuta hadi likalowesha gazeti.

Kuhusu kuchanganya na mawese, kipimo changu ni baridi. Juni na Julai, Dodoma ikianza kupuliza usiku, najaza chupa ndogo naiacha nje hadi alfajiri. Mafuta yenye mawese yanaganda, unaona utando mweupe chini ya chupa. Haya yanaamka maji vilevile. Nimefanya hivyo kila msimu wa baridi tangu 2019 na hayajawahi kuganda.

Mwaka jana kaka yangu wa Kongwa aliniletea magunia matatu. Kijana wa mizani aliyapima mbele yangu, kilo 183, akaandika kwenye daftari na kunionyesha. Zilitoka lita 49. Nilipofika nyumbani nilipima upya kwa kidumu changu cha lita 5, hakuna iliyopungua. Mwenye mashine ni mzee wa Kigogo, atakupa "mbukwa", salamu ya kwao, kabla ya kuuliza shida yako, na hesabu ya mashudu anakufanyia waziwazi: ukimwachia, gharama ya kukamua inapungua, ukitaka kuondoka nayo kwa kuku wako, unalipa kamili.

Sasa bei, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo nilipowaheshimu hawa watu.

Februari 24, 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, sikujua kwamba karai langu lina uhusiano na bandari ya Odesa. Ukraine ndiyo iliyokuwa inauza nje mafuta ya alizeti kuliko nchi yoyote, na meli zikashindwa kutoka Bahari Nyeusi. Waliokosa alizeti wakakimbilia mawese, mawese nayo yakapanda. Aprili 28 Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mawese, ikazuia kuyauza nje kwa sababu akina mama wa kwao walikuwa wanapanga foleni ya mafuta ya kupikia, na wanafunzi walishaingia barabarani Jakarta tangu Aprili 11, wakilalamikia bei hiyo pamoja na mpango wa kumwongezea rais muda. Dumu nililokuwa nanunua elfu themanini nilikuja kulinunua elfu mia na arobaini na tano. Maandazi nikayapunguza ukubwa, wateja wakaona, wengine wakaniacha.

Wiki zile kuna maduka yaliyosema mafuta yameisha, na baada ya siku nne dumu zilezile zenye vumbi lilelile zikarudi rafuni kwa bei mpya. Kizota waliandika bei kwa chaki kwenye ubao kila asubuhi. Siku ilipopanda walituambia kwa nini: malori yalikuwa yanafika vijijini kununua alizeti, na mkulima alikuwa anampa anayelipa zaidi. Niliumia, ila sikuibiwa.

Kilichonifungua macho zaidi ni habari niliyoisikia redioni Mei ya mwaka huohuo. Wakulima wa michikichi wa Indonesia nao waliandamana Jakarta, kwa sababu zuio liliwaangushia bei ya matunda yao. Serikali ikaondoa zuio Mei 23. Nilimfikiria kaka yangu. Mwaka uliofuata, 2023, mafuta yaliposhuka mimi nilipumua, yeye gunia alilokuwa ameuza elfu tisini akapewa arobaini. Alikaa nyumbani kwangu siku mbili akiliongelea hilo gunia tu. Msimu uliofuata akapunguza shamba la alizeti, akaongeza mtama. Ndiyo maana simshangilii tena mtu anayeniambia mafuta yameshuka bila kuniambia mkulima kapata ngapi. Mzee wa Kizota, mwaka ule, alinunua kwa kaka kwa bei iliyozidi ya madalali wa barabarani. Haikuwa nyingi, ila ilizidi.

Na mtu asiniambie mafuta ya kula ni jambo dogo la jikoni. Sri Lanka ilipoishiwa dola watu walipanga foleni ya gesi na petroli kwa miezi, na Julai 9, 2022 wakaingia ikulu. Rais Gotabaya Rajapaksa akakimbia nchi siku chache baadaye. Kenya ni karibu zaidi na mimi. Mdogo wangu ameolewa Nairobi, anakaanga mandazi Kayole, biashara ileile tuliyofundishwa na mama. Juni 2024 alinipigia kunieleza Muswada wa Fedha: ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya mboga, na VAT ya asilimia 16 kwenye mkate. "Dada, nikipandisha bei nafunga, nisipopandisha nafunga." Juni 18 serikali ikaviondoa vyote viwili. Nikadhani yameisha. Vijana waliendelea, kwa kuwa kodi nyingine zilibaki na hawakuwa na imani tena na waliokuwa wanazipanga. Juni 25 waliingia bungeni, risasi zikapigwa. Rais Ruto alitangaza kesho yake kwamba hatausaini muswada. Tume ya haki za binadamu ya kule ilikuja kuhesabu vifo zaidi ya 50 katika maandamano ya majuma yale. Usiku wa tarehe 25 mdogo wangu hakuwasha jiko. Alikuwa amekaa gizani na wanawe watatu, na mkubwa, wa miaka kumi na tisa, alikuwa hajarudi. Alirudi saa saba usiku, mzima.

Tangu siku hiyo nikiona kijana wa mizani anafuta chaki na kuandika tarakimu mpya, naiangalia kwa makini.

Kasoro zipo. Umeme ukikatika mnakaa kwenye benchi hadi urudi, hakuna jenereta. Nenda asubuhi mapema. Vizibo vya dumu zao havibani, funga na nailoni kabla hujapakia kwenye bodaboda.

Kubwa ni hili, na nimemwambia mzee uso kwa uso. Mafuta yanapoadimika, kama ile 2022 na tena kati ya Januari na Aprili kabla ya mavuno, wanaacha kuuza kwa kipimo. Unaambiwa chukua lita 5 au 20. Anayekaanga mihogo kwa mtaji wa elfu kumi hawezi lita 5. Yeye anaishi kwa robo lita ya asubuhi, akiuza anarudi kuchukua nyingine jioni. Bei ikipanda huyo ndiye anayeumia wa kwanza, na ndiye anayefungiwa dirisha. Mzee alinijibu kwamba kupima robo robo kunamchukulia kijana mmoja siku nzima. Nilimwambia hata saa mbili za asubuhi zingetosha, kuanzia saa moja hadi saa tatu. Alisema atafikiria.

Kwa sasa dumu la lita 20 ni elfu tisini na tano, kidumu cha lita 5 elfu ishirini na tano. Jumapili wamefunga. Mwezi wa sita kaka analeta magunia matano, nitayapeleka mwenyewe, na nitamuuliza tena mzee habari ya robo.